Gudlaug Baada ya Nyumba ya Sala

Nyumba ya sala ya kisiwani iliuzwa mwezi wa Oktoba, ikanunuliwa na mtu wa Oslo aliyetaka pa kupumzikia wakati wa kiangazi. Hakuna aliyepinga. Nani angepinga? Waliokuwa wamebaki kusali humo ni wawili tu, Gudlaug na Borghild, na Borghild alikuwa amevunjika nyonga, kahamishiwa nyumba ya wazee ng'ambo ya maji.

Gudlaug alikuwa mjane asiye na mtoto, mpishi wa kivuko hadi alipostaafu. Maisha yake yote alikuwa amesali katikati ya watu: huyu anaanza, yule anapokea, mwingine anakohoa, kisha amina inawatoka wote kwa pamoja kama watu wanaotua mzigo. Sasa alijiambia, haidhuru, Mungu hakuuzwa pamoja na nyumba. Nitasali hapa kwangu kila asubuhi, kabla ya kahawa.

Asubuhi ya kwanza aliketi mezani jikoni, akafumba macho, akasema, "Baba yetu mpendwa." Sauti yake mwenyewe ikamshtua. Ilitoka kubwa mno, kama ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akaanza tena kwa kunong'ona, na mara akajikuta anawaza viazi vya ghalani, kama baridi haijavifikia. Akainuka kwenda kuvitazama. Hakurudi mezani.

Yakawa hayo hayo. Siku nyingine usingizi ulimpitia. Siku nyingine alisoma zaburi mpaka mwisho asijue amesoma nini. Kilichomuuma zaidi si kushindwa. Ni kule kujua kwamba hata akiacha kabisa, hakuna atakayemuuliza.

Jumapili akapanda kivuko kwenda kumwona Borghild. Alimkuta kitini, blanketi magotini, ulimi wake ni ule ule.

"Mbona umekonda hivyo, bibi wee? Unakula nini huko, upepo?"

"Nakula. Borghild, nataka nikuulize kitu, lakini usinicheke."

"Hilo siahidi."

"Ukiwa peke yako humu, unasali vipi? Mimi nimeshindwa. Nikifungua mdomo naona haya kama mwizi aliyefumaniwa."

Borghild hakucheka. Alivuta blanketi, akalilaza vizuri, akalivuta tena.

"Kumbe ulidhani mimi ndiye fundi?"

"Si wewe uliyekuwa ukisali mpaka kahawa inapoa?"

"Nilirefusha kwa sababu wewe ulikuwa unanisikiliza, mwenzangu. Tangu waniletе humu sijamwambia Mungu hata neno moja. Nikadhani ni mimi tu niliye hivi."

Wakakaa wameshikana mikono, wala hakuna aliyesema tusali. Saa ya kivuko ilipokaribia, Borghild akamsukuma begani. "Nenda. Na ujaribu. Usiningoje mimi."

Kesho yake Gudlaug hakufumba macho, wala hakutafuta maneno ya kanisani. "Bwana, ni mimi Gudlaug," alisema. "Niko peke yangu, na sipendi." Basi, akatia kahawa. Siku iliyofuata akamtaja Borghild. Siku nyingine hakuwa na la kusema, akaketi tu, mikono juu ya kitambaa cha meza, mpaka akaona imetosha.

Borghild alifariki kabla ya Pasaka. Gudlaug alipata habari kwa simu. Siku aliyotoka kumzika alilala na nguo zake nyeusi, na alipoamka hakujiuliza kama atasali au hatasali. Alijikuta keshaketi mezani. Akalia, akamwambia Mungu, hukunitendea haki, na hakuomba radhi kwa kusema hivyo.

Siku moja ya masika, Torleiv, jirani yake mfuga kondoo, aligonga mlango kuomba kamba. Kondoo wake mmoja alikuwa anazaa kwa shida.

"Ngoja kidogo!" Gudlaug aliita kutoka ndani. "Naongea na mtu!"

Torleiv akachungulia dirishani, akamwona mwanamke mmoja na kiti kitupu. Akavua kofia bila kujua kwa nini.

Gudlaug alipomaliza alimpa kamba, akamsindikiza hadi getini. Kisha akarudi jikoni, akatia kahawa kikombe kimoja, akainywa akitazama mvua.