Pole ya Chiriku

Binti yetu tulimbandika jina la Chiriku tangu akiwa mdogo, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea na uji, akaongea na viatu, akaongea hadi usingizini. Mimi si mtu wa subira, na mara nyingi nilimwambia, "Mwanangu, hebu yape masikio yangu likizo." Tulipohamia nchi hii nikaipata hiyo likizo, na niliichukia.

Baba yake alitangulia mwaka mzima kabla yetu. Ni fundi bomba, na kwa kuingia majikoni mwa watu aliokota lugha ya hapa neno kwa neno. Tulipofika alikuwa ameshajiona bingwa, nikamwita Profesa. Mimi nilipata kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, mahali ambapo mashine zinapiga kelele kuliko watu na kichwa kikitikiswa vizuri kinatosha. Nyumba yetu ni ndogo ila ina joto, na bomba likithubutu kudondosha tone moja linamtia fundi wetu aibu. Kwa kweli nilipapenda hapa upesi kuliko nilivyotarajia.

Kabla Chiriku hajaanza shule, Profesa alimketisha mezani akamfundisha maneno ya kuanzia: la kusalimia, la kushukuru, la kuomba kwenda chooni. Chiriku akauliza, "Na pole wanasemaje?" Profesa akakuna kidevu, akampa neno. Alilitamka kwa madaha kana kwamba amelitunga yeye. Mimi nami nikalidaka papo hapo.

Mwanzoni mtoto alirudi na habari za kutosha nyumba tatu. Kisha zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Nikimuuliza shule vipi, ananijibu, "Nzuri." Neno moja, Chiriku! Nilimgusa paji la uso, hana homa. Roho ikaanza kuniuma.

Ndipo shule wakapiga simu. Profesa alisikiliza, uso ukamshuka.

"Wanasema anawasumbua wenzake," akaniambia. "Amemwaga rangi, amemwangusha mtoto kwenye ngazi, amevunja kikombe cha mwalimu. Siku hizi wenzake wakitoka kucheza yeye anabakizwa darasani. Mambo yakiendelea hivi watamhamishia shule nyingine, ya watoto watukutu."

"Nani, huyu? Huyu anayemwomba mbu radhi kabla ya kumpiga?"

"Wanasema kila mara anakiri mwenyewe."

Nikamwita Chiriku. Akasimama mbele yetu, mikono nyuma. "Sijafanya kitu, Mama," akasema. "Nikiwa mwema ndiyo wananikasirikia zaidi." Kisha akalia, nami nikalia naye, ingawa nilikuwa nimepanga kufoka.

Siku ya kuonana na mwalimu mkuu tulivaa vizuri kama watu wanaokwenda kuposa. Alikuwa mama mrefu wa miwani, mwenye sauti ya taratibu. Mimi nilikaa karibu na mlango, Chiriku katikati, Profesa mbele, tayari kutafsiri. Mwalimu mkuu akainuka kufunga dirisha, na goti lake likakita kwenye kona ya droo iliyokuwa wazi. Mlio wake niliusikia kwenye goti langu.

Sote watatu, kwa pumzi moja, tukasema lile neno.

Mwalimu mkuu akaganda, ameshika goti. Akanitazama mimi kule mlangoni. Akamtazama Profesa. Akauliza jambo.

"Anauliza," Profesa akatafsiri, "kwa nini sote tunamwomba msamaha, na droo ameiacha wazi yeye."

"Nani kamwomba msamaha? Tumempa pole!"

"Ndiyo, tumem..." Profesa akakatika hapo. Jasho likamtoka puani. "Mama Chiriku, lile neno... Bosi wangu alilisema siku aliponidondoshea spana mguuni. Nikajua ndiyo pole yao."

"Kwa hiyo mtoto wangu, kila mtu akianguka, anakimbia kusema yeye ndiye kamwangusha?"

Nilimpa jicho la tutaongea nyumbani.

Ikabidi ajieleze. Akamwambia mwalimu mkuu kwamba kwetu mtu akijikwaa unampa pole, akiugua unampa pole, akitoka kazini amechoka unampa pole, na si lazima uwe umemkosea. Mwalimu mkuu alivua miwani. Akamuuliza Chiriku polepole, na Profesa akaninong'oneza, "Anauliza kama siku ile ya ngazi alikuwa amekwenda kumwinua mwenzake."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Mwalimu mkuu akachuchumaa mbele yake, na goti lile lile bovu, akasema kwa kujikongoja: "Po-le."

Chiriku akatikisa kichwa. Akaanza kuongea lugha ya hapa, si neno moja, ni mto mzima, na mimi sikujua kama amefika mbali hivyo. Profesa alitoa macho. "Anasema hapana, Mwalimu, hapo si pole. Wewe ndiye uliyenifungia darasani. Hapo ni lile neno lenu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mwalimu mkuu alicheka, macho yamemlowa, akalisema lile neno lao kwa mtoto wangu, lote, bila haraka.

"Haya, yameisha," Chiriku akamwambia kwa Kiswahili. Kisha akaligusa goti la mwalimu wake kwa kidole. "Na hili, pole."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Chiriku alianza kuongea getini na hakupumua: nani hula chaki, nani anamwogopa nani, mwalimu gani ananuka kitunguu, rangi ilimwagikaje hasa. Alikuwa amelimbikiza mwezi mzima na sasa alikuwa analipa deni. Tulipofika kwetu, masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

Profesa akaniinamia, kwa sauti ya mtu anayejua bado ana kesi. "Pole, Mama Chiriku."

"Nimeshapoa," nikamjibu, na nilikuwa nimepoa kweli.