Viazi vya Daktari Mbithe

Viazi vilikuwa vitamu, na hilo ndilo lililomuuma Mbithe baadaye kuliko mengine yote. Vilikuwa vimechemshwa vikaiva barabara, vikatiwa kitunguu cha kukaanga na chumvi ya kutosha, naye alikuwa na njaa ya mtu aliyeshinda ameinamia darubini tangu asubuhi. Alikula bila kuinua kichwa. Alipofikia kiazi cha mwisho ndipo alipomkumbuka mpishi.

"Mzee Zedekiah, leo umenipikia kama bibi arusi. Hivi viazi umevitoa wapi?"

Zedekiah, mzee wa Maragoli aliyekuwa akipika chai katika maabara ile tangu enzi za Wazungu, alitabasamu mpaka pengo lake likaonekana. "Si ni ile ilikuwa kwa kikapu, chini ya meza yako, Daktari. Nikasema, huyu mtoto atakufa njaa na chakula iko hapa hapa."

Uma ulimtoka Mbithe mkononi.

Ilikuwa mwaka wa 1968, na Mbithe binti Nzuki ndiye mwanamke wa kwanza kuingia katika maabara ile ya magonjwa ya mimea, upande wa Kabete, kwa kazi isiyokuwa ya kufagia. Alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi na shahada ya uzamivu, akakuta makoti meupe yote yameshonwa kwa mabega ya wanaume. Alikunja mikono ya koti, akaanza kazi. Kule Parklands alikopanga, majirani walisikia neno daktari wakafurahi, wakawa wanamletea watoto wenye kikohozi. Mwanzoni alikuwa akieleza kwamba yeye hutibu viazi. Siku hizi alikuwa amechoka kueleza, akawa anawapa limau na asali, na ajabu ni kwamba watoto walipona.

Lakini viazi vyenyewe vilikuwa havijapona. Mnyauko ulikuwa umeingia mashambani, ugonjwa wa kuudhi kweli kweli: mmea unalala mzima, saa sita jua likiwaka majani yanainama, na baada ya siku chache mkulima hana kitu. Mbithe alifanya jambo ambalo watu wa shamba la maabara walidhani ni wazimu. Alichukua kipande kizuri cha ardhi, akakimwagia ugonjwa kwa makusudi, akapanda humo kila aina ya kiazi aliyoweza kupata. Msimu hadi msimu aliangalia vikifa. Msimu wa tatu vikafa vyote tena, isipokuwa vishina vichache vya aina moja yenye macho ya zambarau, vilivyosimama peke yavyo katikati ya maiti. Siku ile Mbithe alicheza shambani na viatu vyake vya mpira, mchana kweupe, wala hakujali nani anamwona.

Viazi vya vishina vile ndivyo alivyovichimba, akavipima na kuvikuta vizima, akavitia kikapuni vingoje mvua. Na ndivyo alivyokuwa amevimaliza sasa hivi.

Zedekiah hakuwa mwizi wala mjinga. Pale maabara palikuwa na desturi ya miaka mingi: kitu chenye ugonjwa kilifungwa utepe mwekundu, nacho kilichomwa moto. Kisichokuwa na utepe kilikuwa kizima, na kizima kiliingia sufuriani. Kabichi, maharagwe, mahindi, wote walikula hivyo, Mbithe akiwemo. Na kikapu kile hakikuwa na utepe kwa sababu viazi vyake, Mungu asifiwe, havikuwa na ugonjwa.

Mbithe alieleza kwa sauti ndogo. Mzee alisikiliza, na tabasamu lile likafifia hadi likaisha. Akakaa chini kwenye ndoo.

"Mimi nimekuua, Daktari."

"Mzee, aliyekula ni mimi." Alitaka kulia, akaona akilia mzee naye atalia, akajizuia. Kisha akaruka juu. "Maganda! Maganda yako wapi?"

"Maganda? Naliaka amebeba. Ya nguruwe yake. Ameenda na lori ya mbolea, saa hii."

Kiazi hakichipui kutoka tumboni. Kinachipua kwenye jicho, na jicho liko kwenye ganda. Mpishi mwepesi angemenya ganda jembamba lisilofaa chochote, lakini Zedekiah alimenya kwa kisu cha kuchinjia, na kila siku Mbithe alimtania kwamba anawapa nguruwe nyama na watu mifupa. Leo alimshukuru Mungu kwa mkono ule mzito.

Alimvuta mzee hadi kwenye gari lake, Volkswagen ya rangi ya maziwa, wakashuka kuelekea Dagoretti Corner, nyumbani kwa Naliaka, Zedekiah ameshika mlango kwa mikono miwili na kuomba kwa Kimaragoli. Pale njia panda mwenye duka mmoja aliona koti jeupe, akapaza sauti, "Daktari, nani mgonjwa?"

"Nguruwe!" Mbithe alijibu, akapita.

Naliaka, mfagiaji wa maabara, alikuwa ndio kwanza amemwaga gunia ndani ya hori. Aligeuka akamkuta mkubwa wake wa kazi akipanda ukuta wa banda, koti na yote.

"Daktari! Kama ni njaa si useme? Ugali iko!"

"Mshike, Naliaka! Mshike asile!"

Naliaka hakuuliza swali la pili. Alimkamata nguruwe masikio yote mawili, nguruwe akapiga kelele iliyowatoa majirani nje, na Mbithe akainamia hori, mikono imezama hadi viwiko. Gunia lilikuwa na maganda ya kila hoteli ya jirani, lakini macho ya zambarau hayakufichika. Nguruwe akafungwa kamba, nao wakakaa chini watatu, wakachambua, Naliaka akicheka mpaka machozi, majirani wakiulizana kama daktari ndiye anayehitaji daktari. Yaliyopatikana hayakujaza hata kofia ya Zedekiah.

Kesho yake Mbithe alikwenda kwa mkuu wake, Mungai, mtu mpole aliyekuwa hajaizoea bado meza yake kubwa.

"Vile viazi vya mnyauko," Mbithe alisema. "Nimevila."

"Umevila?"

"Na kitunguu."

Mungai alicheka hata akavua miwani. Alipoivaa tena, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mbithe, ile shamba watu wa mahindi wanaililia. Mvua ikianza nitawapa. Nionyeshe mmea umesimama, mmoja tu, nitapigana na wao. Bila hiyo sina la kusema."

Mbithe aliyapaka maganda jivu, akayalaza katika masanduku ya udongo uliochemshwa kuua vijidudu, akangoja. Mengi yalioza. Zedekiah alikuwa akileta chai, anaweka kikombe, anachungulia masanduku, anaondoka. Asubuhi moja alikuja akikimbia bila kikombe. Vichipukizi vilikuwa vimetoka, vyembamba, vyenye rangi ya zambarau shingoni. Walishikana mikono wakarukaruka kama watoto, mzee wa miaka ile na daktari wa ng'ambo.

Furaha ya mzee ilidumu hadi Mbithe alipochukua kopo la maji yenye ugonjwa. Mimea ilikuwa imekwisha kuwa na majani mapana, na kando yake alikuwa amepanda viazi vya sokoni, vya kulinganisha.

"Daktari, tumekimbizana na nguruwe juu ya hii kitu, na sasa unaimwagia sumu?"

"Ikifa, Mzee, basi haikuwa ile niliyodhani." Akaimwagia yote, ya maganda na ya sokoni. Hakuwa amewahi kupenda mimea hivi, na hakuwa amewahi kuiogopa hivi.

Mawingu ya masika yalianza kukusanyika upande wa Ngong. Siku moja mawingu yalitawanyika, jua likapiga kisawasawa, na habari kwamba leo mimea itajulikana ikaenea maabara nzima bila kutangazwa. Kufika saa sita Mungai alikuwa ameacha meza yake, Naliaka amekuja na ufagio wake, na Zedekiah ameacha sufuria jikoni. Walisimama kuzunguka masanduku. Mbithe aliangalia viatu vyake.

"Huyo wa sokoni anainama," Mungai alinong'ona.

"Na mwenzake," Naliaka akasema. "Maskini."

Mbithe aliinua macho. Viazi vya sokoni vilikuwa vimelegea vyote, majani yananing'inia. Mimea ya maganda ilikuwa wima. Jua liliendelea kuwaka, jasho likawatoka, hakuna aliyeondoka. Kisha jani moja la chini, la mmea wa mwisho, likatikisika, na wote wakashtuka.

Ilikuwa pumzi ya Zedekiah, aliyekuwa ameinama karibu mno. Mzee akarudi nyuma, akaziba mdomo kwa kiganja, na jani likatulia mahali pake, limekunjuka, likipokea jua.