Tende ya Tangi la Tano

Jumanne, tarehe 14 Ramadhani. Asubuhi hii Bizerte kuna ukungu juu ya ziwa, upepo wa kusini umeanza kuvuma, na mchana joto litapanda. Hayo ndiyo tuliyosomewa na kipaza sauti tukiwa tunafunga mikanda ya mavazi ya kazi. Huku juu hakuna ukungu wala upepo. Mafundi wenyewe tuliomba tusomewe hali ya hewa ya nyumbani kila siku, na wanamaji wanaoendesha kituo wakakubali.

Chelezo chetu, karakana ya meli iliyo angani, kinaizunguka dunia. Ndani yake tunaunda meli za vita zisizojua maji. Jua huzama na kuchomoza madirishani mara nyingi kwa siku, kwa hiyo tunafunga na kufuturu kwa saa ya Bizerte, honi inapolia.

Binti yangu Emna alinikuta kwenye njia ya kuingilia gudi, akaning'ang'ania begani ili asipeperuke.

"Baba, daku umekula au umelala tena?"

"Nimekula."

"Muongo. Midomo imekauka utadhani umelamba saruji."

Alikuwa mchomeleaji kama mimi, na mimi ndiye niliyemfundisha. Mama yake hakutaka aje huku. Nilimwambia mama yake, mbele ya ndugu zake, kwamba nitamtazama.

Emna alifungua kiganja. Kulikuwa na tende moja.

"Zimeisha zile za mama. Leo Ami Bechir atanisamehe, sina ya kumpa."

"Mpe nusu."

"Nusu? Mimi si Farhat."

Farhat, rafiki yangu kutoka Sfax, alikuwa nyuma yetu. Watu wa Sfax tunawatania kwa ubahili. "Nimesikia!" akasema. "Na mimi nusu nyingine ningeihifadhi mpaka Idi. Ndiyo maana kwetu hatuombi chumvi kwa jirani."

Tukacheka, tukaachana. Mimi na Farhat tulikwenda ubavu wa nje wa meli iitwayo Zembra. Emna alikwenda kwenye tangi la tano, tangi kubwa la mafuta, kukagua mishono ya vyumba vya ndani.

Ni lazima nieleze juu ya tende. Miezi mingine, kila anayeingia tangini hutundika kibati chenye jina lake kwenye ubao wa mlangoni, na akitoka hukichukua. Vibati husahauliwa. Ramadhani tunatumia tende, desturi tuliyopanda nayo kutoka kwenye gudi la zamani kule chini. Unaichoma tende yako kwenye msumari unapoingia, unaichomoa unapotoka, na aliyefunga haisahau futari yake. Mlinzi wa mlango haingii tangini, kwa hiyo hana tende ubaoni. Mlinzi wetu alikuwa Ami Bechir, mzee wetu sote. Emna alimpenda. Tangu mwezi uandame alikuwa akichoma tende mbili, yake na ya Ami Bechir, na mzee huifuturu ile ya pili baada ya kila mtu kuchukua yake.

Mchana Kamanda Mokdad, mkuu wa wanamaji kituoni, alishuka gudini. Si kawaida yake. Alisema meli yetu mojawapo imepigwa upande wa pili wa dunia, na mabaharia waliosalia wamejifungia kwenye sehemu moja yenye hewa. Hewa hiyo inaisha. Zembra ndiyo pekee iliyo karibu kumalizika.

"Tangi la tano lifungwe Magharibi," akasema. "Likifungwa tu, tunasukuma naitrojeni kuondoa hewa, kisha mafuta. Meli inaondoka leo."

"Na majaribio ya mshono?" nikauliza. "Yanataka siku nzima."

"Fundi Tijani, hao watu hawana siku nzima."

Tulifanya kazi bila mzaha mpaka honi ikalia.

Kwenye chumba cha kulia kuna uzito kidogo, maana sehemu ile huzunguka, na mtu anaweza kukaa kwenye benchi na kunywa chorba, supu yetu ya futari, kwenye bakuli. Nilikunywa maji, nikasema bismillahi, nikatazama mlangoni. Emna hakuwepo. Nilidhani anaswali kwanza. Nami nikaswali, nikarudi, na bakuli lake lilikuwa bado limefunikwa.

Ami Bechir alikuwa mwisho wa benchi, anamenya yai.

"Ami Bechir, Emna umemwona?"

"Ametoka zamani. Wote wametoka. Ubao ulikuwa mtupu kabla sijafunga mlango." Akatabasamu. "Ukimwona mwambie Mungu ambariki. Tende ya leo ilikuwa tamu kuliko zote."

"Tende gani?"

"Yangu. Aliyonichomea."

Sikuelewa mara moja. Mikono yangu ilielewa kwanza, maana niliona chorba inamwagika kwenye magoti yangu.

"Ami," nikasema, "leo alikuwa na tende moja tu."

Yai lilimtoka mkononi. Farhat alikuwa ameshasimama.

"Kimbia, Tijani!" akapiga kelele. "Kimbia, nakuja na kikatio!"

Sijui nilifikaje gudini. Mlango wa tangi la tano ulikuwa umeshafungwa, na mashine ilikuwa imeshauchomelea mduara mzima. Niligonga kwa nyundo. Tangi lile limevikwa sponji nene ili mafuta yabaki baridi, na sponji humeza kila mlio, hata honi. Niliweka sikio. Nilimwita kwa jina. Hata kama alikuwa anapiga ngumi upande wa pili, nisingeweza kusikia. Bomba la naitrojeni lilikuwa linatetemeka. Gesi ilikuwa inaingia.

Kamanda Mokdad alikuwa kwenye chumba cha uendeshaji pamoja na ofisa wake kijana. Niliingia bila kubisha.

"Simamisheni gesi! Emna yumo ndani!"

"Nani amesema?" akauliza Kamanda.

"Tende. Tende yake ilibaki kwenye msumari. Ami Bechir ameila akidhani ni zawadi."

Ofisa kijana akanitazama kama anayemtazama mlevi. "Tusimamishe meli ya vita kwa sababu ya tende?"

"Umemwona kwenye chumba cha kulia? Umemwona msikitini? Mtafute! Mwite kwenye kipaza sauti!"

Wakamwita. Jina la binti yangu lilisikika kituo kizima, mara moja, mara mbili. Nilitazama mlango kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji. Hakuna aliyekuja.

Kamanda alisukuma mkono wa mtambo, na bomba likatulia. Lakini hakutoa amri ya kukata. Alisimama akiwa ameegemea meza, na nikaona kwamba naye amechoka vibaya.

"Nikisafisha tangi upya, nikafunga upya, muda wa majaribio haupo," akasema. "Mshono wa mashine ninauamini. Mshono wa mkono, wa haraka, bila majaribio, ukivuja njiani, nitapoteza mabaharia wa Zembra pamoja na wale wanaosubiri. Nieleze, fundi. Nifanyeje?"

"Nitaukata mimi na nitaufunga mimi."

"Na ukivuja?"

"Nitakuwa juu yake. Nitapanda meli. Nitakaa na mshono wangu nikiwa na vifaa, na ukitoa hata jasho nitauziba."

Sikufikiri kabla ya kusema. Kama angetaka macho yangu ningemwachia mezani.

"Wewe ni raia," Kamanda akasema. "Siwezi kukulazimisha."

"Hunilazimishi. Toa amri!"

Akaitoa.

Farhat alinipa kikatio, nikaanza. Nimekata chuma tangu ujana wangu, lakini chuma kile kilikataa kuisha. Cheche zilielea kila upande, zikatuchoma shingoni. Emna alikuwa na chupa ndogo ya hewa kiunoni, ya dharura. Chupa ile ni ya kumtoa mtu tangini, si ya kumkalisha. Nilijua hivyo, na Farhat alijua, kwa hiyo hatukuizungumza.

Niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, Ya Rabi, huyu, huyu, huyu. Basi. Nyuma yangu Ami Bechir alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, anarudia, "Nimemla mtoto. Nimemla mtoto."

"Ami, nyamaza," Farhat akamwambia. "Shika taa. Imulike hapa. Hapa, mzee wangu, si machoni mwangu!"

Mzee akashika taa. Hakuishusha hata mara moja.

Kifuniko kilipoachia, nilivaa barakoa ya hewa na kuingia. Nilipita chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vina matundu membamba, mtu hujipenyeza kwa bega. Alikuwa chumba cha mwisho, amejikunja kwenye kona, taa yake ya kofia inawaka bado na chupa iko mdomoni. Ngozi ya vifundo vya mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kugonga. Matone ya damu yalikuwa yanaelea karibu na uso wake, madogo, mviringo, yametulia. Kipimo cha chupa kilikuwa kwenye sifuri.

Nilimvisha barakoa yangu. Nikazuia pumzi, nikamvuta kwa mkanda wake kupitia matundu yale, na nilipofika mlangoni macho yangu yalikuwa hayaoni tena. Mikono ya Farhat ndiyo iliyotupokea.

Daktari alimlaza palepale gudini, akamfunga kwa mikanda ili asielee. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Macho hayakufunguka. Daktari alimbana kucha, akamwita, akamulika mboni.

"Anapumua," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi kukuambia kitu. Huenda akaamka leo. Huenda asiamke. Ubongo ukikosa hewa, hatujui mpaka tuone."

Sikupewa muda wa kukaa naye. Kifuniko kilipaswa kurudi. Nilikichomelea kwa mkono, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, huku Emna amelala nyuma yangu na mimi siwezi kugeuka, kwa sababu mchomeleaji akigeuka mshono huharibika. Machozi kwa kukosa uzito hayadondoki, hukaa juu ya jicho kama kioo. Farhat alinifuta kwa kitambaa, mara nyingi.

Nilipozima moto, mabaharia wa Zembra walikuwa wamejipanga kando ya lango la meli. Wengi wao ni wa umri wa Emna. Walikuwa wanautazama mshono.

Farhat akaninong'oneza, "Usiende. Huna mkataba wa kwenda vitani. Mtoto hajafungua macho. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angenilaumu. Nilijua hivyo. Ningeweza kukaa, nikamshika mkono, na Zembra ikaondoka na mshono wa haraka usio na fundi. Nilimtazama binti yangu, na nikawafikiria akina baba wa wale waliojifungia gizani upande wa pili wa dunia, wanaosubiri kwa kipimo kinachoshuka kama kile nilichokiona kwenye chupa yake.

Nilimwinamia Emna, nikamsomea Fatiha sikioni. Kisha nikamwita Ami Bechir. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri kofi.

"Kaa naye," nikamwambia. "Usimwache hata dakika. Akiamka, wewe ndiye utakayemweleza nilikokwenda."

"Mimi?" akasema. "Unaniachia mimi?"

"Nani mwingine anampenda hivyo?"

Kamanda Mokdad alisogea. "Hakuna muda wa kuandika karatasi, fundi. Nataka nilisikie neno lako, na wao walisikie."

Nilishika nguzo ili nisimame wima. Farhat alisimama kulia kwangu. Ami Bechir alikuwa kushoto, ameshika mkono wa Emna uliochubuka. Nikawageukia mabaharia, nikasema kwa sauti ambayo gudi zima liliisikia:

"Mimi Tijani mwana wa Salem, mbele ya Mwenyezi Mungu, na mashahidi wangu ni Bechir na Farhat, naahidi. Mshono huu ni wangu. Nitapanda Zembra pamoja nanyi sasa hivi, nitakaa juu yake kwenda na kurudi, na sitaondoa mkono wangu hapo mpaka wale wanaotusubiri wawe ndani pamoja nasi."