Mstari wa Saif

Faraj alikuwa na kaka mmoja tu, Saif, na kaka huyo alikuwa mbali. Alihamia Hadhramaut, nchi ya mababu zao, akaoa huko, akakaa katika mji mdogo wa bondeni ambao vita vilikuwa vimeuacha bila simu ya kutegemewa. Mara mtandao ulikuwepo, mara ukapotea kwa muda mrefu. Lakini ndugu hawa walikuwa watu wa redio tangu ujana wao, walipokuwa wakitandaza waya juu ya paa la nyumba yao ya Mji wa Kale na kuzungumza na wageni ambao hawakuwajua hata sura. Kwa hiyo simu zilipokatika, wao hawakupotezana. Kila siku baada ya swala ya alasiri, Faraj akisharudi kutoka ghala la Shimanzi alikokuwa karani, alikaa mbele ya redio akamwita Saif, na Saif akaitika.

Mama yao, Bi Saadia, alivuta kiti akakaa karibu. Hakuelewa mashine, lakini alikuwa na maneno yake ya kupeleka.

"Mwulize amekula nini."

"Mama akuuliza umekula nini," Faraj alisema kwenye kipaza sauti.

"Mwambie wali na papa," sauti ya Saif ilirudi, ikipanda na kushuka, "lakini papa wa huku si kama wa kwetu."

Siku moja sauti hiyo ilikuja imekauka. Saif alisema ana homa, si homa ya kutisha, atapumzika na watazungumza kesho. Kesho yake Faraj alipofungua redio, hakusikia ila kelele.

Redio yenyewe haikuwa ya zamani, ya kuzungusha vifundo. Ilikuwa kisanduku cha kuingia kiganjani, na kazi nyingine yote ilifanywa na programu ndani ya laptopu. Katika kioo mawimbi yalionekana kama mvua ya rangi inayoteremka taratibu. Anayezungumza alitokea kama alama nyeupe juu ya weusi. Siku hiyo weusi haukuwepo. Kioo kizima kilikuwa na ukungu wa manjano, na katika hedifoni kulikuwa na mlio kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Lakini katikati ya ukungu, mahali pale pale pa Saif, palikuwa na mstari mwembamba mweupe uliosimama wima.

"Yuko, mama," Faraj alisema. "Namuona. Simsikii tu."

Bi Saadia aliinama mpaka paji lake likakaribia kioo. "Ni huu?"

"Ndio huu."

"Mbona hasemi?"

"Huenda kipaza sauti chake kimeharibika. Ashikilia kitufe tu, tujue yupo. Au asema, na hizi kelele zammeza. Nikiziondoa tutamsikia."

Bi Saadia alimshukuru Mungu kwa sauti. Jioni hiyo aliwaeleza jamaa wote kwamba Saif yu hai, ila hewa imechafuka.

Faraj akaanza kuzisaka kelele. Alichomoa chaja za simu, zikapungua kidogo. Alizima taa za sebuleni, zile za bei nafuu, akaona sehemu ya ukungu imefutika, akazitoa kabisa na nyumba ikabaki na taa ya jikoni peke yake. Alizima friji, maziwa yakaganda, na mama yake hakulalamika. Waya uliounganisha kisanduku na laptopu aliuzungushia pete nyeusi za feraiti, hizi zinazofyonza kelele za umeme, moja baada ya nyingine, mpaka waya ukawa kama tasbihi. Aliihamisha antena kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine. Kila mara kelele zilishuka kidogo zikakwama, na kila mara mstari ulikuwa pale pale.

Alimpigia Ngowa, rafiki yake wa redio anayefundisha mambo ya umeme katika chuo cha pale Buxton.

"Umezima swichi kuu ukatumia betri?" Ngowa aliuliza.

"Nimezima. Kelele zabaki. Hazitoki kwangu."

"Basi ni za jirani. Na huo mstari? Umechomoa antena ukautazama?"

Faraj alilijua jaribio hilo tangu zamani. Redio ikichomolewa antena haiwezi kupokea kitu kutoka nje. Kitakachobaki kwenye kioo kimezaliwa ndani ya mashine yenyewe.

"Nitafanya," alisema.

Hakufanya. Badala yake alichukua redio ndogo ya mkono akaingia vichochoroni, akiielekeza huku na huku, watu wa barazani wakimtazama. Mlio ulizidi kila alipokaribia nyumba yao wenyewe, ukazidi zaidi alipoupita mlango wao, na mbele ya mlango uliofuata ukawa mkali hata akaondoa hedifoni. Ilikuwa nyumba ya jirani yao Haifa.

Haifa alikuwa na mgonjwa. Mumewe, Abdulghafur, mapafu yake yalikuwa yamekwisha nguvu, na usiku na mchana alipumua kwa mashine ya oksijeni. Kwa kuwa umeme haukosi kukatika, watoto wao walioko Jeddah walikuwa wamewafungia betri na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ili mashine isizime hata dakika. Inveta hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia.

Faraj alirudi nyumbani bila kubisha hodi. Alikaa siku kadhaa na siri hiyo kifuani. Ni Bi Saadia aliyeiona hali yake, akamhoji mpaka akasema, na Bi Saadia alivaa buibui lake akaenda mwenyewe. Kilichosemwa huko Faraj hakukisikia. Alirudi akifuatana na Haifa, ambaye macho yalikuwa yamemwiva.

"Nimeongea na mzee," Haifa alisema. "Asema kesho baada ya alasiri tuizime inveta, mashine tuichomeke ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika nitairudisha haraka. Nitakaa nayo."

"Haifa, hapana. Ukikatika na mkono wako umechelewa?"

"Mimi nalisema hivyo hivyo. Yeye asema, mtu amsikie nduguye." Alifuta uso kwa mtandio. "Usikawie, Faraj. Nakuomba. Usikawie tu."

Kesho yake Faraj aliomba ruhusa kazini mapema. Bi Saadia alitawadha, akakaa kwenye kiti chake. Haifa alipiga ukuta kwa ngumi kuwajulisha, na mara ile ule mlio ukafa.

Ukungu ulifutika kioo kizima. Weusi ulirudi, safi, kama Faraj alivyoukumbuka. Alisikia mtu akizungumza kutoka pembe nyingine ya dunia, Kirusi labda, kila neno wazi. Na pale katikati mstari ulisimama, mweupe kuliko siku zote. Aliuendea. Katika hedifoni kulikuwa na mlio mmoja mwembamba, ulionyooka, usio na pumzi ndani yake.

"Saif," aliita. "Saif, ni mimi. Kama sauti yako haitoki, achia kitufe ubonyeze tena. Achia tu, nijue."

Mstari haukukatika. Aliita tena. Aliita kwa Kiarabu, kisha kwa Kimvita cha utotoni, akamwita kwa jina la utani ambalo hawakulitumia tangu walipobalehe. Nyuma ya ukuta alimsikia Abdulghafur akikohoa, kikohozi kirefu kisichopata mwisho.

Akanyoosha mkono nyuma ya kisanduku, akachomoa antena.

Yule Mrusi alipotea. Dunia nzima ilipotea. Mstari ulibaki, haukutikisika hata kidogo.

"Asemaje?" Bi Saadia aliuliza. "Mbona umekaa hivyo?"

"Sio yeye, mama."

"Sio yeye vipi? Siku zote wasema ni yeye."

"Ni hii mashine. Yajililia yenyewe. Hakuna mtu hapa."

Bi Saadia alikitazama kioo kwa muda, kisha akauweka mkono wake juu ya mstari, kiganja kizima, kama mtu anayempima mtoto joto.

Faraj alikimbilia nyumba ya Haifa. Haifa alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono juu ya swichi, na hakuuondoa mpaka alipoambiwa basi. Inveta ikaanza tena. Abdulghafur alikuwa ameegemezwa mito, mrija puani, jasho likimtiririka kwenye panja. Alimwashiria Faraj asogee.

"Umempata?" aliuliza, akihema.

Faraj alimtazama mtu huyu aliyemkopesha pumzi zake. "Amekusalimu," alisema.

Abdulghafur alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, ameridhika.

Habari ilikuja kwa njia nyingine. Yazid, binamu yao, alitoka bondeni kwa gari hadi mji wa Mukalla ambako simu zilikuwa zikishika, akapiga. Aliuliza kwanza kama Bi Saadia yuko karibu, na Faraj akajua. Homa haikumpa Saif nafasi. Alizikwa siku mbili baada ya mazungumzo yao ya mwisho. Karibu muda wote ambao Faraj alikuwa akichomoa chaja na kuhamisha waya, kaka yake alikuwa tayari chini ya udongo.

"Twaliwatafuta," Yazid alisema. "Hatukuwa na njia. Redio yake hakuna aliyejua kuitumia."

Walifanya hitima nyumbani. Watu walijaa mpaka ngazini, na vikombe vya kahawa havikutosha, ikabidi kuazima kwa majirani. Bi Saadia alipokea mikono ya watu bila kulia. Walipokwisha kuondoka alimwita Faraj chumbani.

"Zile siku uliponiambia yuko," alisema, "nalilala vizuri."

"Naliamini, mama. Wallahi naliamini."

"Najua. Sikulaumu." Alijigeuza akaelekea ukutani. "Lakini sasa sijui nianze kumlilia tangu lini."

Faraj alikwenda jikoni akaosha vikombe, akavitenga vya huyu na vya yule, akavirudisha mlango kwa mlango. Vya Haifa alivipeleka mwisho. Haifa alivipokea kwa mikono miwili.

"Ingia umjulie hali," alisema. "Akuulizia. Ataka umweleze yale aliyokwambia Saif siku ile."

"Kesho, inshallah," Faraj alisema.

Kesho yake alitoka kazini akapita kichochoro cha nyuma, kisichopita kwa Haifa, na siku iliyofuata vivyo hivyo.