Taji la Nyasi za Sebuleni

Alistidia Kahangwa, fundi cherehani wa Nshamba, alivaa viatu vyake vya kanisani akapanda gari la asubuhi kwenda Bukoba kuona picha yake. Alikuwa na mabaka meupe usoni na mikononi, na kwa miaka thelathini, kila kwaya ilipopigwa picha, aliwekwa nyuma ya wanaume warefu wa besi. Sasa makumbusho mapya mjini yalikuwa na maonyesho ya picha za mitindo yaliyoitwa "Uzuri Uliofichwa", na picha yake, walivyomwambia, ilikuwa kubwa kuliko mlango. Alichotaka ni kimoja tu: jina lake liandikwe chini. Lile gauni la manjano na zambarau alilolivaa pichani alilishona mwenyewe, siku tisa.

Picha ilikuwa kubwa kweli. Chini yake palibandikwa kadi: "Malkia wa Kijijini. Ubunifu: Joyness."

"Malkia hana jina?" aliuliza shemeji yake Kyaruzi, aliyemsindikiza hasa kwa ajili ya sambusa.

"Subiri, waitu," alimbembeleza kwa Kihaya.

Lakini macho ya Kyaruzi yalikwisha kupanda hadi kichwani pa malkia, na mabega yakaanza kumtikisika. Taji lile lilikuwa fungu la nyasi za kutandaza sebuleni, zile ambazo wageni huzikalia na kuku huzipekua. Joyness, mpiga picha kutoka Dar es Salaam, alizikuta mlangoni kwa Alistidia, akazisifu, akazisuka, akamvika mwenye nyumba. Alistidia alinyamaza. Mgeni aliyekwisha kutafuna akamwani yako, ile kahawa kavu ya kukaribishia, humwaibishi nyumbani kwako. Hata akijivika sufuria, utamwambia imemkaa vizuri.

Mgeni rasmi, Mzee Kagaruki wa Kashozi, mwalimu mkuu mstaafu, akasimama mbele ya picha. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti, hiki kichwani ni nini?"

"Ni taji la kale la malkia wa Kihaya, mzee," alisema Joyness kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Nimelifanyia utafiti wiki mbili."

Kyaruzi alikohoa kama ng'ombe.

"Wiki mbili," alisema Mzee Kagaruki taratibu. "Mimi nimelikalia miaka sabini na minne."

Joyness alimwona Alistidia, akamsogelea upesi. "Mama, niokoe," alinong'ona. "Waambie ni taji."

"Jina langu kwanza."

Joyness akachomoa kalamu akaliandika kwenye kadi.

"Na kwamba gauni nimelishona mimi."

Akaandika na hilo. Ndipo Alistidia akamgeukia mzee.

"Ni nyasi za sebuleni kwangu, mzee. Siku ile nilinyamaza kwa kuwa yeye alikuwa mgeni wangu. Leo mgeni ni mimi, na hata kahawa sijapewa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na waliokuwa wamelisifu taji dakika tano zilizopita ndio waliocheka zaidi.

"Umejikaanga mwenyewe, shemeji," alisema Kyaruzi akijifuta machozi. "Jina umelipata, nalo limekaa chini ya kichekesho."

Alistidia alilisikia hilo, akalipima. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwa Joyness, akaongeza mstari wa tatu kwa herufi kubwa, kama zile anazoandikia vipimo vya wateja: "Taji: Joyness."

"Kila mtu na kazi yake," akasema, akamrudishia kalamu.