Glasi ya Profesa

Mpimaji wa maabara ya maji aliketi safu ya nyuma, mikono kifuani, akimtazama profesa mgeni jukwaani kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Ukumbi ulifurika. Wiki nzima watu walitangaziwa mkutano wa sayansi kwa wananchi: njooni msikie ukweli kuhusu kisima kipya.

Ukweli huo yeye aliuandika kwa mkono wake. Mara tatu alipima maji yale, mara tatu akakuta vijidudu vya kinyesi. Choo cha shule kilikuwa kinavujia kisimani. Ripoti akampa mkuu wake wa kazi, na mkuu akaikalia.

"Maji haya hayana hata doa!" profesa alisema. Akajaza glasi kutoka jagi la mezani, akainywa yote, akajifuta midomo. Makofi yakarindima.

Muda mfupi kabla ya mkutano mpimaji alimwona profesa huyo huyo kibarazani, akijaza jagi kwa maji ya chupa za dukani. Mwenyekiti wa mtaa, shemeji yake mpimaji, mdogo wa mumewe, ndiye aliyemshikia jagi.

Mpimaji akasimama. "Profesa, kisima hicho nimekipima mimi. Kina kinyesi. Na hayo uliyokunywa ni ya chupa. Kisima kiko hapo nje, tukachote unywe tena."

Profesa akatabasamu kwa shida. "Dada yangu, muda umetutupa mkono."

"Shemeji, keti bwana, unatuvua nguo," mwenyekiti alinong'ona, asijue kipaza sauti kiko wazi. Watu wakaguna.

Fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, akatoka bila kuaga. Akarudi na kikombe kimejaa maji ya kisima, akakiweka mbele ya profesa. "Mwanangu anaharisha siku ya nne leo. Kunywa, baba."

Profesa akakinusa. Uso ukamkunjamana, akakisukuma kando kwa kidole kimoja.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa tena. Walitoka wote, na kabla jua halijazama kisima kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo.

Jioni mwenyekiti alikuja nyumbani kwa kaka yake, mume wa mpimaji, akicheka. "Shemeji, usiweke moyoni. Ile ni siasa tu." Akanyoosha mkono.

Mpimaji aliutazama mkono ule, vidole vyake vinene na pete yake. Ndio ule ule ulioshika jagi. Akampa kisogo, akaendelea kuosha vyombo.