Yuda Mwenye Sura ya Meya

Kila Jumapili ya Pasaka, pale San Isidro, Yuda hunyongwa uwanjani kisha huchomwa moto. Si Yuda mwenyewe, maana huyo alikwisha kujinyonga zamani. Ni sanamu ya matambara na majani makavu, na sura yake huwa ya yule aliyeuudhi mji kupita wote mwaka huo. Kwa miaka kumi na mmoja sura hiyo aliitengeneza mjane Eufrasia, kwa karatasi na gundi ya unga, baada ya kusali rozari nzima, kwa kuogopa kumsingizia mtu.

Mwaka huu hakuhitaji kusali sana. Meya Rigoberto Uzcátegui aliuacha mji bila maji tangu Novemba, na fedha za mabomba akanunulia kamera ishirini zinazotambua nyuso. Kisha akatunga sheria ndogo: kilichoonwa na kamera hakipingwi kwa neno la mtu. Basi Eufrasia alimtengeneza Meya mzimamzima, mpaka chunjua iliyo kando ya pua. Watu walishika mbavu kwa kicheko. Yuda akanyongwa, akachomwa, watu wakaenda kula.

Kamera haikucheka. Iliandika: Rigoberto Uzcátegui, miaka hamsini na minane, amenyongwa na kuchomwa moto saa kumi na moja jioni, mhusika, Eufrasia Briceño. Ikapeleka taarifa mahakamani na kwa msajili wa vifo, yenyewe, bila kumwuliza mtu. Jumatatu asubuhi polisi wawili walimkuta Eufrasia akigeuza arepa, vimkate vyake vya mahindi, kikaangoni.

"Mama, twende. Umemwua Meya."

"Nimemwua? Si amepita hapa sasa hivi na gari lake, akatutilia vumbi!"

"Hata sisi katutilia," polisi mmoja akajibu. "Lakini karatasi ndiyo hii."

Jumatano akapandishwa kizimbani. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai nyembamba, alimwinamia sikioni. "Mama yangu, kubali tu. Ukikiri, kwa umri wako utatumikia kifungo nyumbani. Ukibisha, Ijumaa unapanda gari la gereza la mkoa, na huko ni miaka ishirini."

Eufrasia alikuwa na miaka sitini na minane. Aliwaza kuku wake, akawaza kaburi la mumewe ambalo hakuna mwingine wa kulipalilia.

"Mwanangu, amri ya nane inasema usishuhudie uongo. Haikusema isipokuwa ukipunguziwa kifungo."

Hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Meya aliingia akihema, uso umeiva kama pilipili.

"Upuuzi gani huu? Mimi hapa! Mzima!"

Hakimu Oneida Rangel alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Oneida! Mimi ndiye niliyemsimamia mwanao ubatizo!"

"Hilo ni neno la mtu. Kamera imesema umekufa, na sheria ina sahihi yako. Karani, mpime."

Karani akamwelekezea kamera ya mahakama. Ikafikiri kidogo, ikaandika: sura ya marehemu, inatumiwa na mtu asiyejulikana. Polisi wa mlangoni akaanza kutafuta pingu.

"Jamani, iliyochomwa ni sanamu!" Meya akapiga kelele.

"Sanamu gani?" Hakimu akainua karatasi. "Tangazo lako la Jumapili hili hapa, ulilibandika mpaka mlango wa kanisa: 'Sanamu iliyochomwa haifanani nami hata kidogo.' Kama sanamu haikufanana nawe, basi mwenye sura yako aliyeungua ni nani?"

Ukumbi ukacheka.

"Neno la mtu silipokei," Hakimu akaendelea, "ila hati napokea. Futa tangazo lako kwa hati nyingine. Useme sanamu ilifanana nawe, na kwa nini mji ukakuvisha uyuda. Hati isiyo na sababu sitaipokea. Ukikataa, mama huyu anakwenda gerezani, na wewe unakwenda makaburini."

Meya alimtazama Eufrasia kama mtu anayetazama kidonge kichungu. Eufrasia alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa sala.

"Sema basi, marehemu!" Nicasia muuza samaki akapaza sauti toka benchi la nyuma. "Tuna vyungu jikoni!"

"Andika," Meya akamwambia karani, polepole. "Sanamu ilifanana nami."

"Kwa sababu gani?" Hakimu akauliza.

"Ya maji."

"Sauti, karani hasikii."

"Maji! Niliwanyima watu maji, nikanunua kamera!"

Akatia sahihi, na Eufrasia akaachiwa palepale. Ila msajili wa vifo alieleza, kwa heshima zote, kwamba kumwondoa mtu katika daftari la waliokufa huchukua siku arobaini za kazi, na mpaka hapo Meya asitie sahihi tena popote.

Eufrasia hakwenda nyumbani moja kwa moja. Moyo ulimuuma kwa aibu iliyomkuta yule bwana, akaingia kanisani kuomba misa kwa ajili yake. Padre akachukua kalamu.

"Nimwandike na wazima au na marehemu?"

Eufrasia alifikiri. Hakuwahi kumdanganya padre, na hakutaka kuanzia uzeeni.

"Padre," akasema, "mwandike huku na huku."